Meno ya Kijiko cha Chokaa

Mjomba wangu Tosiyawa alikuwa hamwitikii mtu akiwa na kisu mkononi, na kwa kuwa kisu kilimtoka mkononi wakati wa kula na kulala tu, watu wengi wa kijiji chetu, Oluwetu, wamekufa wakiamini ana kiburi. Mimi ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumwambia ukweli, na nilimwambia mara nyingi kwamba kiburi anacho. Alinijibu kwamba mti mweusi hausamehe: ukigeuza shingo kumwitikia mpita njia, kijiko kimeshapasuka, na mpita njia keshaenda zake.

Alichonga vijiko vya chokaa, basi. Wenzake waliobaki walikwishahamia kwenye nguruwe na mamba wa mti wa kuwauzia wageni wanaoshuka na ndege, na yeye aliwaita mafundi wa midoli. Kijiko chake kilikuwa kirefu kama kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, chembamba, na ncha yake bapa kama ulimi, maana ndiyo inayolambwa, ikatumbukizwa kwenye kibuyu cha chokaa, ikarudi kinywani kukutana na popoo inayotafunwa. Mpini aliuchonga ndege wawili waliopeana mgongo. Alianza na tezo, akaja na kisu, kisha akasugua kwa ngozi ya samaki taa iliyolowa maji, siku mbili nzima, mpaka kijiko kikaacha kukwaruza shavu. Alikijaribu shavuni kweli, akiwa amefumba macho. Baadaye alikipiga msasa wa mwisho kwa jino la nguruwe dume, akakipaka mafuta ya nazi, akajaza chokaa kwenye nakshi ili ndege waonekane weupe juu ya weusi.

Meno aliyaacha mwisho. Haya ni mapengo madogo anayoyakata ubavuni mwa kijiko, na kazi yake ni sauti. Mwanamume akichomoa kijiko kibuyuni hukigongesha kwenye mdomo wa kibuyu ili chokaa iliyozidi ianguke, na meno yakipita pale yanalia. Kila kijiko kina mlio wake. Nikiwa ndani namenya viazi vikuu najua nani kaketi barazani kabla hajakohoa, na mke wa Mwayubu, jirani yetu, amekuwa akiwahi kuficha samaki kwa njia hiyo miaka yote ya ndoa yake. Siku ya kukata meno Mjomba hakutaka mtu karibu. Alifukuza hata kuku.

Kazi alirithi kwa mjomba wake, kama inavyotakiwa. Alilishwa popoo iliyosemewa maneno kabla hajaota ndevu, akakatazwa kula utumbo wa samaki maisha yake yote ili mawazo yasimvurugike. Kijiko chake cha kwanza kabisa alimchongea mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutafuna. Jina la huyo mdogo wake sitalitaja, mtanisamehe. Kwetu aliyekufa hatajwi ovyo. Naye alikuwa mjomba wangu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa miguu, mvivu wa kulima, na nilimpenda kuliko huyu mwenye kisu. Hilo halikuwa siri kwa yeyote.

Alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya mpopoo asubuhi moja baada ya mvua. Aliteleza karibu na kilele, akaja chini kichwa mbele, akaisha hapo hapo. Tosiyawa alikuwa ameketi chini ya miti ile ile, hatua chache tu, anachonga.

Sisi wa tumbo moja, yaani ukoo wa mama, hatugusi maiti yetu. Walimwosha watu wa upande wa baba yake na wa mkewe, wakambeba wao, wakamfukia wao, na sisi tukakaa kando kama wageni waliokosa mahali pa kuketi. Kitu kimoja tu kiliachwa mikononi mwa Tosiyawa: kijiko. Hapa Oluwetu mtu akifa, aliyemchongea kijiko hukivunja mbele ya watu na kukitupa baharini, ili sauti imfuate mwenyewe Tuma, kisiwa wanakokwenda wafu wetu. Alikiweka gotini akasukuma. Mpingo ulikataa. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu nilisikia kilio kikimtoka pamoja na mlio wa mti kukatika. Vipande alivitupa mwenyewe, akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni.

Mjane, Ilabeba, aliingia ndani siku ile ile. Alinyolewa, akapakwa masizi mwili mzima, akaketishwa kwenye kibanda nyuma ya mikeka, asiseme kwa sauti, asishike chakula kwa mkono wake. Alilishwa kama mtoto. Atatoka lini ni juu yetu, wanawake wa ukoo wa marehemu. Lazima tugawe majani ya migomba yaliyokwanguliwa, kukaushwa na kufungwa mafundo, vikapu kwa vikapu, kwa kila aliyelia na kila aliyebeba, na sketi mpya juu yake. Ndipo tunamwosha mjane, tunamvika, na anarudi kwa kaka zake akiwa mtu huru. Wanaume wana ghala za viazi vikuu za kujivunia. Sisi tuna majani. Anayecheka ajaribu kukwangua jani moja bila kulitoboa, kisha aje tuzungumze.

Mama yangu, Isakapu, alikuwa dada mkubwa wa wale wawili, hivyo mzigo ulikuwa wake na wangu. Tulipanga kugawa baada ya mavuno. Ilabeba hakuwa na mtoto, na kaka zake wa kijiji cha pili walikuwa wakimsubiri. Mmoja alishamjengea nyumba. Ilabeba mwenyewe alikuwa bado kijana, mdogo kwa marehemu kwa miaka mingi. Nilimlisha mimi kila siku, na kunong'ona kwake kulianza kuwa na utani ndani yake, nikajua anarudi duniani.

Jioni moja namlisha kiazi kilichopondwa, kibuyu kikalia barazani kwa Mwayubu. Mlio mfupi, mlio mrefu, kisha kama kicheko kinachokatishwa. Ilabeba alifunga mdomo na kiazi kikabaki kidoleni mwangu. Nywele za mwili zilinisimama, sioni aibu kusema.

Akaninong'oneza, "Mume wangu yuko kwa Mwayubu."

"Mkaza mjomba, kula. Ni kijiko tu."

"Basi na wewe umekisikia."

Nilitoka na mkono wangu mchafu mpaka kwa Mwayubu. Alikuwa ameketi peke yake, kijiko kipya mapajani, ndege weupe wawili, kazi ya Tosiyawa ya wiki ile, ya kwanza tangu msiba. Nilimwuliza kwa nini anatutesa. Mwayubu ni mtu asiyeweza kufunga domo hata kanisani, lakini jioni ile alikuwa amekishika kijiko kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kaa na hajui atamweka wapi.

"Bosuma, mimi nimechukua kijiko," alisema. "Sikuchukua marehemu."

Asubuhi nilimpelekea Mjomba habari, naye alikasirika mpaka mishipa ikamsimama. Alisema kijiko cha mdogo wake kilikuwa na meno tisa na cha Mwayubu kina kumi na moja, na nafasi zake ni nyingine, na tangu lini wachuna majani wanawafundisha watu uchongaji. Nilimjibu kwamba mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, na kwamba yeye amesifiwa kupita kiasi. Lakini alikichukua kile kijiko, akachonga kingine, meno saba, makubwa, yaliyoachana. Mwayubu alikigongesha mchana kweupe, watu tukiwa tumesimama. Mlio mfupi, mlio mrefu, kicheko kilichokatishwa. Mama yangu aliketi chini bila kutafuta mkeka.

Baada ya hapo tulianza kumsikia kila mahali. Si kwenye vijiko vipya tu. Vijiko vya zamani, vya watu wazima waliovimiliki tangu ujana, vilivyolia miaka yote bila mtu kushtuka, vikawa navyo vina kitu chake: hiki mwanzo wake, kile ule mwisho wa kicheko. Magharibi wanaume wakikaa barazani kutafuna, anaita huku, anaitikia kule. Watoto walianza kuingizwa ndani kabla jua halijazama. Wanaume wakaacha kugongesha, wakawa wanapangusa chokaa kwa kidole kama wezi, na mzee mmoja akatumia mpini wa mswaki. Mchana walicheka. Walisema marehemu alikuwa mvivu wa kulima lakini wa kuzurura hana mfano. Jioni hakuna aliyecheka.

Ilabeba aliacha kuzungumza hata na mimi. Aliponiambia jambo hatimaye, aliniambia moja: tusihangaike na majani. Hawezi kuoshwa na kuvikwa sketi mpya wakati mumewe bado anapita kwenye baraza za watu. Atakuwa mwanamke aliyetoka nyumbani na mume yumo ndani. Nilimwambia mume hayumo, yuko Tuma, anakula na wazee wake. Akasema, "Wewe unataka kumaliza kazi yako. Mimi nataka ajue nilipo akinitafuta."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli nusu. Vikapu vilikuwa vimejaa mpaka darini, mavuno yalikwishaingia, na kaka zake walituma ujumbe wenye maneno machache na makali: tunawashikia dada yao. Lakini nilimwona pia akikonda. Masizi yalikuwa yameingia kwenye mikunjo ambayo hakuwa nayo alipoingia. Niliogopa kwamba atazeekea nyuma ya ile mikeka, na mimi nitazeeka nikimlisha. Mama akamwita Tosiyawa, akamwambia mkono ulioleta balaa hii ni wake, ndio utakaoiondoa, na siku ya kugawa haisogei.

Nilimfuata kibandani kwake mchana ule, kwa sababu aliondoka bila kumjibu dada yake, na hilo halijawahi kutokea. Nilimkuta ameketi, kisu kiko chini. Sikuwahi kumwona hivyo. Mikono ilikuwa mapajani, wazi, kama ya mtu anayesubiri apewe kitu.

"Kile cha kwanza nilikichonga sijui kuchonga," alisema bila kunitazama. "Meno nilikata ovyo, nikasikiliza, nikaona yanalia vizuri. Mkono ukashika pale pale, Bosuma. Vyote hivi ni watoto wa kile. Alipokuwa hai nani angesikia? Yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele kuliko vijiko vyote."

Nilimwambia basi abadilishe mkono. Alisema amejaribu. Amekata kwa mkono wa kushoto, amekata amefumba macho, amekata kwa kuhesabu bila kusikiliza. Mlio unarudi ule ule. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ya mpopoo, mdogo wake aliita kutoka juu. Aliita "Kaka," na neno lingine baada yake. Tosiyawa alikuwa katikati ya kukata jino, hakuinua kichwa. Aliposikia makuti yakivunjika ndipo akainua.

"Alisema nini?" nilimwuliza.

"Ndiyo sijui."

Nililia, na nilimchukia, na nilimhurumia, yote kwa pamoja. Niliokota kisu chake nikakiweka kwenye rafu, nikaenda zangu kufunga majani.

Kesho yake, siku moja kabla ya kugawa, kulipokucha alitandika mkeka katikati ya kijiji, mahali pa wazi, akaweka tupa, maji na ngozi ya taa. Alituma watoto waseme kila mwanamume alete kijiko chake. Hakuomba. Wanaume walikuja polepole, kila mmoja kakificha kwapani kama anakwenda kukiuza. Kijiko bubu kwetu ni aibu. Ni cha mtu asiye na la kusema. Mwayubu alikuwa wa kwanza kukitoa, akasema heri bubu kuliko msemaji aliyekwishazikwa, na kuanzia pale wengine wakatoa.

Alipiga tupa siku nzima. Alichukua kijiko, akakitazama, mara nyingine akataja mwaka aliokichonga, kisha akapitisha tupa ubavuni mpaka meno yakaisha, akasugua kwa ngozi, akasugua kwa jino la nguruwe, akapaka mafuta. Hakuharakisha hata kimoja. Alivimaliza vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza anavitengeneza. Vumbi jeusi lilimfunika magoti. Kuna mzee aliyempa kijiko akageuka kutazama bahari mpaka kazi ilipokwisha, na alipokipokea hakukitia kibuyuni. Nilileta maji na kiazi cha kuchoma, hakugusa. Mtu aliyechonga miaka arobaini alikuwa anaifuta kazi yake mbele ya watu aliowachongea, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Mimi pia sikumwambia, na hadi leo najuta.

Jua lilipoinama kilibaki kimoja, chake mwenyewe. Alikitoa kibuyuni. Alikuwa ameshaweka tupa kwenye jino la kwanza niliposikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi.

Ilabeba alikuwa ametoka. Haifai mjane kutoka kabla ya siku, lakini alikuwa ametoka, mweusi tiii, kipara, macho yamejikunja kwa mwanga, na shangazi zake wawili wakimshika huku na huku. Nilikimbia kumrudisha. Alinisukuma kwa mkono, mkono ambao kwa miezi haukushika hata kiazi. Akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akaketi mbele ya Tosiyawa.

"Shemeji," alisema, kwa sauti, si kwa kunong'ona, "kabla hujakifuta, nipigie mara moja."

Tosiyawa akakitia kibuyuni, akakichomoa, akagongesha. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na kijiko kingine kilicholia kabla wala baada. Mlio mfupi, mlio mrefu, kicheko kilichokatishwa.

"Tena."

Akapiga tena. Ilabeba alisogea mpaka sikio lake likagusa kibuyu, akamwashiria apige mara ya tatu, na akabaki pale hata mlio ulipokwisha. Nilikuwa namtazama uso. Niliona hofu ikiingia, na haikuwa ile hofu ya jioni zote zile.

"Siyo yeye," alisema.

Tosiyawa alishusha kijiko.

"Siyo yeye, shemeji. Sauti hii ni yako. Ni mkono wako tu." Akageuka akatutazama sisi wote, mmoja mmoja, kama mtu aliyepotelewa na kitu sokoni. "Na yake ilikuwaje? Nisaidieni. Yake siikumbuki."

Mwayubu alitazama chini. Ndipo Ilabeba alipolia, na hakulia kile kilio chetu cha asubuhi na jioni chenye maneno na mpangilio. Alilia mdomo wazi, kama mtoto aliyeamka hakumkuta mama yake. Mama yangu alimkumbatia na masizi yakamwingia nguoni, naye hakujali.

Siku ya pili tuligawa majani. Hatukuona aibu, vikapu vilitosha na vikabaki. Tulimwosha Ilabeba, tukamvika sketi nyekundu, tukampaka mafuta, na kichwani nywele changa zilikwishaanza kuchipua. Hakubisha. Kaka zake walimchukua kabla jua halijawa kali, na aliniaga kwa kunishika kidevu, akasema nimemlisha vizuri. Alikuwa huru, na alikuwa ametulia, na sikuwahi kuona mtu mwenye huzuni kama yeye.

Nilikuwa nakusanya vikapu vitupu Mjomba alipokuja akasimama kando yangu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Kijiko chake hakukifuta, lakini hakikuwa naye.

"Bosuma," alisema, "wewe ulikuwa ukimpenda sana. Sauti yake unaikumbuka?"

Nikamwambia naikumbuka. Ningemwambia nini?

"Basi iige," akasema. "Kwa mdomo tu. Pole pole. Mara moja."

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limenielekea. Nilifungua mdomo, na mlio mfupi, na mlio mrefu, na kile kicheko, vyote vilinijia, navyo vyote vilikuwa vya kijiko cha Mjomba cha jana. Nikafunga mdomo. Alisubiri kidogo zaidi, kisha akanisaidia kubeba vikapu.